Mjomba Kinyozi: Mashavu yananyoleka, kidevu na shingo vinachanika

Shikamoo Mjomba Kinyozi,

Mimi ni kijana wa Lindi mjini. Mimi na kaka yangu tuna saluni ya kiume ya viti viwili, si mbali na stendi. Kazi yetu ni ya mashine, na umeme ukikatika tunakaa nje tunapiga soga. Mashine ya kuchaji inatusogeza kidogo, kisha nayo inazima. Kuna mteja aliwahi kuondoka kavaa kofia ya kuazima kwa sababu upande mmoja wa kichwa ulikuwa bado.

Hapo ndipo nilipopata wazo la wembe wa kukunja, ule wa zamani wa chuma kitupu. Na si umeme tu. Kuna wazee wanaopita wakitoka msikitini, kila mara wananiuliza kama siku hizi hakuna anayejua kunyoa ndevu kwa wembe wa mkono. Wembe nikaupata kwa mzee mmoja wa Mtwara aliyeacha unyozi. Chuma chake kizuri, hakina pengo. Nikasema nitajifunzia usoni mwangu kwanza, nikishaiva ndio niwaguse wateja.

Mjomba, siivi. Shavu la kulia linatoka safi. La kushoto linabaki na mabaka ya ndevu, maana mkono wangu unapita mbele ya pua na sioni ninachofanya. Kidevuni wembe unagoma. Nikiukandamiza unaruka na kunikata. Shingoni ndiko kubaya zaidi. Nikishusha wembe hapatoki pasafi, basi narudia kwa kuupandisha kutoka chini kwenda juu mpaka nikipapasa pawe laini kabisa. Siku hiyo nafurahi. Siku ya pili au ya tatu shingo yote ina vipele, vingine vina usaha.

Nikueleze kabisa ninavyofanya. Napaka povu la sabuni ya mche kwa mkono, kwa maji ya kisima cha hapa nyumbani, ambayo yana chumvichumvi. Wembe naunoa kila Ijumaa kwenye jiwe la mama la kunolea visu, halafu kila nikitaka kunyoa naupitisha kwenye mkanda wangu wa suruali unaoning'inia kwenye msumari wa mlango. Nikimaliza kunyoa napaka spiriti. Wembe naurudisha bafuni kwenye glasi ya miswaki. Juzi nimeona vidoa vya kutu karibu na makali.

Kaka anacheka, anasema nimejipa kazi ya kujichinja. Minada ya korosho ikianza Oktoba watu wanakuwa na pesa na wanataka kupendeza, nami nilitaka huduma hii iwe tayari. Je, tatizo ni mkono wangu, wembe wenyewe, au ngozi yangu? Na nitajuaje kwamba nimefikia kumnyoa mtu mwingine?

Kidevu Moto, Lindi


Marahaba, mjomba.

Umenirahisishia kazi kwa kueleza mpaka glasi ya miswaki. Mkono wako hauna kasoro kubwa. Mtu anayetoa shavu la kulia safi kwa wembe wa kukunja tayari anajua kuushika. Lakini shavu ni bapa na ndevu zake ni laini, kwa hiyo hata wembe uliochoka unapita. Kidevu hakisamehe: ndevu zake ni ngumu, mfupa uko karibu, na umbo linageuka kila unaposogea. Wembe butu ukifika hapo unagoma, nawe unaongeza nguvu, na hiyo nguvu ndiyo inayokukata. Tuanze na makali, basi.

Jiwe la mama lirudishe jikoni leo. Lile ni la visu na mapanga. Chembe zake ni kubwa na linaacha makali yenye menomeno ambayo macho hayayaoni ila kidevu kinayahisi. Mawe ya wembe huuzwa kwa namba, na namba ikipanda chembe zinakuwa ndogo: 1000 ni la kurekebisha wembe ulioharibika, 4000 hadi 8000 ni la kulainisha, na wengi humalizia kwenye 12,000. Wembe wako, kwa Ijumaa zote hizo ulizoupitisha, itabidi uanzie chini kabisa kwenye 1000.

Hapo tafuta mtu wa kukuonyesha. Kama hakuna kinyozi wa zamani unayemfahamu, nenda kwa wachongaji wa vinyago. Fundi wa Kimakonde anayechonga mpingo hawezi kufanya kazi na patasi butu, na kwenye kunoa ana mkono mtulivu kuliko sisi. Ila mwambie tofauti moja mapema. Patasi yeye anaishikilia jiweni kwa pembe ambayo mkono wake umeizoea. Wembe wa kukunja unalazwa ubapa, mgongo na makali vyote viwili vikigusa jiwe, kwa sababu aliyeufua aliupangia mgongo unene fulani ili uwe ndio kipimo cha pembe. Ukiinua mgongo hata unene wa kucha, kipimo kimepotea. Jiwe liwe na maji, makali yatangulie, usikandamize. Ukishayapata makali mazuri, kwa ndevu zako mwenyewe utakaa miezi bila kugusa jiwe.

Kinachofanyika kila unaponyoa ni mkanda, na mkanda wako ninaushuku kuliko hata hilo jiwe. Kwanza hakikisha ni ngozi. Mikanda mingi ya sokoni ni plastiki iliyopewa sura ya ngozi, na hiyo haikusaidii kitu. Tafuta mpana, usio na mishono wala nakshi. Funga upande mmoja, upande wa pili uvute kwa mkono wa kushoto mpaka unyooke kabisa. Mkanda unaoning'inia tu mlangoni unabonyea chini ya wembe, na ukibonyea unayaviringa makali badala ya kuyanyoosha. Kwa hiyo kila asubuhi ulikuwa unaharibu kile kidogo kilichosalia.

Mwendo wa mkandani ni kinyume cha wa jiweni: mgongo unatangulia, makali yanafuata nyuma. Ukifika mwisho ubiringishe wembe juu ya mgongo wake, kisha rudi. Usiugeuze juu ya makali. Ndipo watu wanapokata mikanda yao. Uzito wa wembe wenyewe unatosha. Nenda na kurudi mara 30 hadi 50, taratibu. Zile mbwembwe za kasi za kwenye video waachie wenye video.

Kujua kama umefika, usiburuze kidole gumba. Pitisha wembe juu ya malaika ya mkono bila kugusa ngozi. Yakikatika kwa juu, nyoa. Yakilala tu, rudi mkandani, na yakikataa tena ndipo lifikiriwe jiwe.

Sasa maji. Ya chumvichumvi hayatoi povu la maana, wewe mwenyewe unaona jinsi sabuni inavyogeuka utando mweupe unaonata. Na sabuni ya mche imetengenezwa kwa ajili ya nguo: inakausha ngozi na povu lake linakufa kabla hujamaliza shavu moja. Nunua sabuni au krimu ya kunyolea na brashi. Kifuku kikifika kinga maji ya mvua, hayo ni mazuri mno kwa povu, lakini kwa sasa kiangazi hiki chupa moja ya maji ya dukani yasiyo na chumvi inakutosha siku nyingi, maana povu linataka kikombe kidogo tu. Kusuuza endelea na kisima chako. Kabla ya povu, lowesha ndevu kwa kitambaa cha maji ya moto dakika mbili au tatu, au nyoa ukitoka kuoga. Nywele iliyokunywa maji inavimba na kulainika, wembe unapita bila kuvuta. Halafu zungusha brashi, usipake tu. Brashi inaziamsha ndevu zilizolala.

Haya, shingo. Uliniuliza kama tatizo ni ngozi yako. Tatizo ni ule ulaini unaoutafuta. Ndevu zetu za kipilipili zinaota zimejikunja. Ukizikata kinyume zikatwe chini kabisa ya ngozi, ncha inabaki kali na imechongoka, na inapoanza kuota inajikunja na kuingia ngozini kabla haijatoka nje, au inatoka kisha inainama na kujichoma upya pembeni. Mwili unaiona ni mwiba, unapigana nayo, na hicho ndicho kipele unachokiona siku ya tatu. Wanaume wengi weusi wana tabu hii, na wengi wanadhani ni uchafu wa wembe. Uchafu unaleta usaha juu yake, lakini chanzo ni kukata chini mno. Kwa hiyo ukipapasa shingo na ukahisi ukwaruaji kidogo, umemaliza kazi, weka wembe chini. Najua kinyozi anapenda mteja apapase aseme "eeh", ila mteja huyohuyo atarudi Jumatatu kakasirika.

Pumzisha shingo sasa. Usinyoe mpaka vipele vyote vitulie, hata zikifika wiki tatu au nne. Usivitoboe kwa pini. Vile vya usaha vionwe na mhudumu wa zahanati, na kama una tabia ya kuota makovu yanayovimba, au kwenu wapo wenye nayo, mwambie hivyo, kwa sababu vipele vya shingo huacha makovu ya aina hiyo kwa watu kama hao.

Mapumziko hayo yana faida. Ndevu zikifika urefu wa siku mbili tatu, pitisha vidole pande zote na uhisi zimelalia wapi: upande unaoteleza ndio mlalo wake, upande unaokwaruza ndio kinyume. Utashangaa. Shavuni karibu kila mtu zinashuka, lakini shingoni zinaweza kulala kwenda pembeni, na chini ya taya upande mmoja unaweza kutofautiana na mwenzake. Chora uso kwenye karatasi uweke mishale. Nina wasiwasi mkubwa kwamba wembe wako haukuwa unaacha mabaka shingoni kwa ubutu peke yake. Ulikuwa unaushusha mahali ambapo ndevu zimelala kwa upande.

Ukirudi kunyoa, raundi ya kwanza fuata mlalo. Kama hapajaridhisha, paka povu upya, kisha raundi ya pili ipite kwa kukata mlalo upande, si kinyume. Raundi ya tatu usiwe nayo.

Pembe ya wembe na uso iwe kama nyuzi 30. Huhitaji kipimo: laza wembe ubapa shavuni, kisha inua mgongo mpaka nafasi kati yake na ngozi iwe kama unene wa mgongo wenyewe mara mbili. Ukiulaza zaidi ya hapo unavuta nywele, ukiuinua sana unakwangua ngozi. Mwendo uwe mfupi, wa sentimita mbili tatu, na daima kwenda mbele ya makali. Usiuteleze wembe kwa urefu wa makali hata kwa nukta moja, kwa sababu hapo haunyoi tena, unachanja. Angalia pia ncha. Wengi wanatazama katikati ya wembe, kumbe ncha ndiyo inayochimba pembeni mwa mdomo na kwenye masikio.

Ngozi ivutwe, lakini kiasi. Lengo ni isijikunje mbele ya wembe, basi. Ukiivuta mpaka iwe nyeupe, unazitoa ndevu nje. Ukiiachia zinarudi ndani zikiwa zimekatwa, na tumerudi kwenye vipele. Vinyozi wengi wa zamani watakwambia vuta sana. Kwa shingo kama yako, usiwasikilize.

Kidevu kina njia yake. Mdomo wa chini ukunjie juu ya meno, ngozi ya mbele itanyooka yenyewe, ushushe wembe kwa hatua fupi mno. Ubavu wa kidevu uendee kutokea shavuni ukielekeza uso upande wa pili, ili ngozi unayoinyoa iwe imelala juu ya mfupa wa taya na si juu ya ile kona. Kona yenyewe iache ya mwisho, povu likiwa limekaa juu yake muda mrefu na kulainisha. Ukiona wembe umegoma, usisukume. Toa, paka povu, badilisha uelekeo kidogo, jaribu tena.

Shavu la kushoto linataka mkono wa kushoto. Kuna wanaonyoa uso mzima kwa mkono mmoja na wanafanya vizuri, ila wewe unataka kazi hii, na kinyozi atakayemzunguka mteja kitini atajikuta anahitaji mikono yote miwili, kama si wa kushika wembe basi wa kuvuta ngozi kwa ustadi uleule. Wiki hizi ambazo hunyoi, paka povu shavu la kushoto na ulikwangue kwa mgongo wa wembe ukitumia mkono wa kushoto. Makali yatazame upande wa pili wa mwendo wako, ngozi haitaguswa nayo. Vidole vitatu juu ya shina la wembe, kidole kidogo kwenye mkia, gumba chini ubavuni. Mwanzo utaona mkono wa mtu mwingine, kisha utazoea.

Ukimaliza, maji ya baridi. Kama pamechanika, lowesha kipande cha shabu ukigusishe hapo kwa muda, damu itasimama. Spiriti acha kabisa kuipaka kwenye ngozi. Inaunguza na kukausha mahali ambapo pameshakwanguliwa tayari. Paka mafuta mepesi yasiyo na manukato.

Kutu ni habari ya pwani nzima, Lindi, Mikindani, Kilwa, hewa yetu ina chumvi. Bafuni ndiko kubaya kuliko kote. Futa wembe kwa kitambaa kikavu mpaka kwenye mkunjo wa mpini, upitishe mkandani mara chache kuondoa unyevu wa makali, kisha upake utando mwembamba wa mafuta ya cherehani. Si mafuta ya kupikia, hayo yanakaa na kunata. Uweke chumbani, pakavu, wembe ukiwa umekunjwa. Vidoa ulivyoviona, kama viko ubavuni, ni sura tu. Kama vimefika kwenye makali, lile jiwe la 1000 litavimaliza au litakuonyesha vimeingia kiasi gani.

Tuje kwa wateja. Huo wembe wa chuma ni wako peke yako, hata kaka yako usimnyoe nao. Kirusi cha homa ya ini B kinaweza kuishi nje ya mwili, kwenye damu iliyokauka ambayo jicho halioni, kwa siku 7 au zaidi, na kufuta kwa spiriti kati ya mteja na mteja hakutoshi. Kuna na UKIMWI, hilo hujahitaji kuambiwa. Kwa wateja nunua kile kishikio chenye umbo la wembe wa kukunja kinachovalishwa kiwembe. Kiwembe cha kawaida unakivunja katikati kikiwa bado ndani ya karatasi yake, unatumia nusu. Kila mteja nusu mpya, ivalishwe mbele ya macho yake, na ikishatumika iingie kwenye kopo gumu lenye kifuniko, kamwe isiende kwenye ndoo ya nywele ambako mfagiaji ataingiza mkono.

Lakini kishikio hicho ni chepesi na kiwembe chake ni kikali kuliko wembe wako wowote ulionolewa. Mkono ulioujenga kwenye chuma utakusaidia kwa pembe na kwa kuvuta ngozi, ila nguvu itabidi uipunguze karibu iishe. Jinyoe mwenyewe nacho kwanza. Siku utakapomaliza uso mzima, kidevu na mashavu yote mawili, bila damu, na siku tatu baadaye shingo iko kimya, na hilo likarudia na kurudia bila bahati, hapo mwite kaka yako anayecheka akae kitini awe wa kwanza. Kama Oktoba itafika kabla, wenye pesa za korosho wanyoe kwa mashine, msimu mwingine upo.

Wazee wa msikitini wawe wa mwisho, japo ndio waliokutia moyo. Ngozi ya mzee ni nyembamba na imelegea, inajikunja mbele ya wembe na kuchanika kwa kitu kidogo. Utaivuta kwa vidole viwili kutoka pande mbili na kunyoa kipande kidogo kidogo. Na kabla hujapaka povu muulize kama anatumia dawa za kuzuia damu kuganda. Akisema ndiyo, au akisema kuna kidonge anameza cha moyo ila hakijui jina, mwombe asubiri umeme urudi umnyoe kwa mashine.